Mota ya Chumba cha Brashi Haitaki Blanketi

Ukiingia chumba cha brashi, pale nyuzi za mkonge zinaposuguliwa kwa mashine, kwenye kiwanda cha mkonge huku Tanga, utaona singa, yaani nyuzi hizo, kila mahali: juu ya kenchi, kwenye taa, kwenye mapezi ya mota, zile mbavu za ganda lake. Fundi mgeni huniuliza kuhusu cheche. Cheche ni hatari, sikatai, lakini mimi humpeleka kwenye mota kwanza.

Mota hupozwa na hewa ambayo feni ya nyuma huisukuma kwenye mapezi. Singa zikiziba matundu ya kifuniko cha feni na kulala juu ya mapezi, ni kama umeivisha blanketi jua la saa nane. Joto halina pa kutokea. Vanishi ya koili inakauka na kupasuka, na huku nje singa zinatoka weupe, zinakuwa hudhurungi, kisha zinafuka polepole bila mwali. Hapo zinangoja upepo tu. Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani, zinazoweka sehemu kama hizi, zenye nyuzi zinazoshika moto kwa urahisi, Daraja la III, haziruhusu uso wa mota inayoweza kuelemewa na mzigo uvuke nyuzijoto 120 za Selsiasi. Kifaa kisichoelemewa kikomo chake ni 165.

Wengi huniambia, "Si kuna ovalodi?" Ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikielemewa, hupima mkondo. Mota iliyozibwa singa yaweza kuvuta mkondo wake wa kawaida huku inaiva, na ovalodi isiwe na habari. Kwa hiyo kila mota ya brashi naiombea thamista, vile vidude vinavyofukiwa ndani ya koili na kuhisi joto lenyewe.

Niliwahi kufungua paneli ya umeme iliyoandikwa IP65, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. Ile 6 maana yake vumbi halipenyi kabisa. Ndani, kontakta, ile swichi inayowasha na kuzima mota, ilikuwa imeota manyoya ya singa. Mtu alitoboa tundu apitishe waya, hakuweka glandi, kile kizibo kinachobana waya kwenye tundu. Kontakta hurusha cheche kila inapoachia, na hii ilikuwa imelalia katani kavu. Hatua chache kutoka pale kina mama walikuwa wakichambua singa.

Na jamani, acheni kupuliza kwa kompresa! Mnarusha wingu la vumbi hewani na kulisukumia ndani ya vifaa. Zima, piga kufuli swichi kuu, acha mota ipoe, kisha fyonza au fagia kwa brashi laini. Anzeni kwenye kenchi mshuke. Mkianza na mota, singa za juu zitaiangukia tena. Na kile kifuniko cha feni kifungueni, kwa sababu fungu kubwa limejificha nyuma yake.