Mumiani, EPA na kasumba: tunayoyaamini kuhusu siri za serikali

Bibi yangu wa Buguruni hakuturuhusu kusogelea gari la zimamoto. Likipita barabarani alitushika mikono, akatuingiza ndani na kufunga mlango. Kwake yeye wazimamoto walikuwa mumiani, watu wanaokamata wenzao usiku na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Mwaka 1959, akiwa msichana, alishuhudia fujo zilizozuka Buguruni hiyohiyo kwa sababu ya uvumi wa mumiani.

Nilipokuwa sekondari nilimwona bibi ni mtu wa hofu tu. Sasa nadhani hukumu yangu ilikuwa ya haraka. Serikali aliyokulia chini yake haikumchagulia mtu wa kumweleza lolote. Ilihesabu watu, ikatoza kodi, ikatoa watu damu hospitalini, yote kwa lugha na karatasi asizoweza kuzisoma. Na ilipokaribia kuondoka, mwaka 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali yake zisiachiwe nchi mpya. Nyingine zilichomwa. Nyingine zilisafirishwa na kufichwa Hanslope Park, Uingereza, na za Tanganyika zikiwemo. Waingereza walikuja kukiri mwaka 2011 kwamba majalada hayo yapo, tena kwa kubanwa na kesi ya wazee wa Mau Mau kutoka Kenya.

Damu hazikunyonywa. Lakini hisia ya bibi kwamba kuna mambo yanafanyika nyuma ya mlango ilikuwa na msingi, na ndiyo maana sipendi namna tunavyoyazungumza mambo haya siku hizi, ama kwa kucheka kila kitu, ama kwa kumeza kila kitu.

Dhana: Anayesema serikali inaficha jambo ni mzushi

Septemba 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa upinzani, alisoma hadharani orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Wapo waliosema ni siasa za jukwaani. Ila moja ya mambo yaliyokuwa yakisemwa wakati ule lilikuwa fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu. Ukaguzi wa kampuni ya Ernst & Young uliotangazwa Januari 2008 ulionyesha kwamba kampuni 22 zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 isivyo halali katika mwaka 2005/06. Gavana Daudi Ballali alivuliwa wadhifa. Mwezi uliofuata, kwa jambo jingine la mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge.

Kwa hiyo njama zipo. Jiji hili linazijua hata kwa mlio wa bomu: Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa hapa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa.

Tazama, hata hivyo, EPA ilijulikanaje. Ilijulikana kwa hesabu za benki, majina ya kampuni, kiasi kilicholipwa na mwaka kilipolipwa. Wizi mkubwa hauwezi kufanyika bila karatasi, kwa sababu fedha lazima itoke mahali na iingie mahali.

Dhana: Kikifichwa, basi ndicho cha kweli

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Marehemu baba alikuwa karani wa masjala katika wizara moja. Alipostaafu alitusimulia kwamba majalada mengi yaliyogongwa muhuri wa SIRI hayakuwa na lolote la kutisha. Lilikuwa suala la nani apewe nyumba ya serikali, nani ahamishwe kituo, samani za nani zibadilishwe. Bosi aliogopa kuulizwa, akagonga muhuri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inawapa maofisa nafasi pana ya kuamua kipi ni siri, na mwenye muhuri mkononi ataugonga.

Kibaya ni kwamba ukimya wa aina hiyo hauachi nafasi tupu. Tangu tarehe 27 Februari 2021 Rais Magufuli hakuonekana hadharani. Kijiweni kwetu Magomeni, kabla kahawa haijapoa, alikuwa ameshapelekwa Nairobi, kisha India. Polisi walitangaza kuwakamata waliosambaza habari za ugonjwa wake. Tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kifo chake, kwa maradhi ya moyo, katika hospitali ya Mzena hapahapa Dar es Salaam. Siku 18. Mpaka leo wapo wasioamini tangazo lile, na siwezi kuwalaumu wao peke yao. Mtu aliyenyimwa habari siku 17 ataiamini vipi ya siku ya 18? Ndivyo ilivyokuwa pia kwa korona. Hesabu ya nchi ilibaki kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka, huku kila mtaa ukihesabu mazishi yake wenyewe.

Lakini ukimya ni ukimya tu, hauthibitishi kilichosemwa kijiweni. Na hata karatasi yenyewe huweza kudanganya. Novemba 1964, Waziri wa Mambo ya Nje Oscar Kambona alitangaza kwamba zimepatikana nyaraka zinazoonyesha njama ya Wamarekani dhidi ya nchi yetu. Watu waliandamana mjini kwa hasira. Baadaye ikabainika nyaraka zile zilikuwa za kughushi. Waliodanganyika safari ile hawakuwa wauza kahawa. Walikuwa ni mawaziri, watu wenye vyeti na wasaidizi, na hilo linatosha kujibu wale wanaodhani uvumi ni ugonjwa wa asiyesoma.

Dhana: Bandari imeuzwa

Nimeisikia sentensi hii kwenye daladala ya Tandika na kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye shahada mbili. Mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai ulisainiwa Oktoba 2022, Bunge likauridhia tarehe 10 Juni 2023. Maandishi yake yalifika mikononi mwa watu, na waliousoma kwa makini waliuliza maswali ya maana, hasa juu ya muda, maana mkataba ule haukutaja mwaka wa kuisha. Mikataba ya uendeshaji na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ilisainiwa baadaye, Oktoba 2023, na serikali ikasema ni ya miaka 30, yenye kupima utendaji kila baada ya miaka mitano.

Kukodisha na kuuza ni vitu viwili, kila mpangaji wa Sinza anajua. Lakini neno "imeuzwa" liliwasaidia sana watetezi wa mkataba. Walilijibu hilo, wakawa hawana haja ya kulijibu lile la muda. Uvumi uliotiwa chumvi humlinda mtawala kuliko unavyomtisha.

Habari za Frimasoni sitazikalia. Anayejiita mtumishi wao na kubandika namba ya simu kwenye nguzo ya umeme anataka fedha yako ya usajili. Kiongozi wao wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, Sir Andy Chande, alijulikana kwa jina na sura, na alihojiwa na waandishi.

Dhana: Wananchi tumelishwa kasumba, hatuwezi kufikiri

Kasumba kwa asili ni afyuni. Anayekwambia una kasumba anasema umeleweshwa. Tusi hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi hutolewa na mtu anayejitoa yeye mwenyewe katika hesabu.

Ni kweli kwamba dola ilijaribu. Shuleni kulikuwa na somo la Siasa. Chuo cha Kivukoni kiligeuzwa kuwa chuo cha itikadi cha chama. Redio Tanzania ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Kama kuna mahali kasumba ingepaswa kuingia mpaka kwenye mfupa, ni hapa.

Sasa angalia watu walivyoipokea redio hiyohiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na vijijini vyoo vikachimbwa kwelikweli. Redio ileile ilisifu shamba la ujamaa kila siku, na shamba la ujamaa likabaki na magugu huku la mtu binafsi likipaliliwa. Na ilipofika kuhamia vijiji vya ujamaa, wasiotaka walihamishwa kwa nguvu. Aliyeleweshwa hahitaji kusukumwa na mgambo. Watu walisikia yote, wakapima, wakachukua lililowafaa.

Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991, iliyokusanya maoni kuhusu chama kimoja au vingi, ilikuta kama asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee. Wengine husema huo ndio ushahidi wa kasumba. Lakini wengi katika hao 80 walitaka pia chama hicho kimoja kirekebishwe, na walitaja kwa vipi. Mimi nawaona ni watu waliokuwa na hofu ya vita waliyoiona kwa majirani na hasira ya foleni za sukari, vyote kwa pamoja.

Dhana: Taarifa za serikali ni za wakubwa

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwekwa wazi kila mwaka inapofikishwa bungeni, na hotuba za wabunge huchapwa neno kwa neno. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Ina kasoro: orodha ya yanayoweza kukataliwa ni ndefu, na rufaa yako huishia kwa waziri badala ya chombo huru. Hata hivyo, itumieni.

Mwaka jana mtaani kwetu walisema fedha za mfereji wa maji ya mvua zimeliwa zote. Niliandika barua kwa ofisi moja ya umma kuomba nakala ya mkataba. Siku ya 26 nikaitwa kuichukua. Mkataba ulisema mita 180. Jumamosi tulishika kamba, vijana wanne na mama mmoja muuza vitumbua aliyeandika namba kwenye daftari lake la madeni, tukapima kutoka kalavati hadi msikitini. Mita 142. Daftari lile tulilipeleka kwenye mkutano wa mtaa, na mwenyekiti akaombwa asome namba hizo mbili kwa sauti.