Masaa 800 yaliyohesabiwa 400

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinitumia ujumbe: “Shikamoo kapteni. Nimepata kiti cha kulia kwenye Caravan, hapa Arusha. Nisaini?” Kiti cha kulia ni cha rubani msaidizi, na Caravan ni ndege ndogo ya injini moja. Nikamjibu marahaba, hongera sana, ila kabla hujasaini mkataba waulize jambo moja: masaa yangu ya kuruka yatahesabiwaje? Akaona namletea mafumbo. Saa si ni dakika sitini tu? Nami niliamini hivyo, mpaka siku nilipopeleka kitabu changu cha masaa kuombea leseni ya juu.

Leseni ya rubani wa biashara unaipata ukiwa na masaa 200, au 150 kama ulisoma kozi ya mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Ile ya juu kabisa, inayokuruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka 1,500. Pengo hilo la katikati hakuna mzazi wa kulijaza kwa kukodi ndege. Lazima apatikane mtu wa kukuajiri uruke. Marubani waliotutangulia walipata masaa yao Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, wakipeleka chakula cha msaada Sudan Kusini. Wa uwanja wa Wilson, Nairobi, wamebeba miraa kwenda Somalia miaka mingi. Sisi wa Arusha tunabeba watalii.

Kazi yangu ya kwanza ya urubani ilikuwa mizani. Miezi saba nilipima mabegi, kilo 15 kwa abiria, begi laini lisilo na magurudumu, nikaandika orodha ya abiria na kuhesabu mafuta. Nilinung'unika sana. Baadaye nikaelewa. Arusha yenyewe iko juu ya futi 4,500 kutoka usawa wa bahari, na Seronera, katikati ya Serengeti, imepita 5,000. Saa saba mchana jua likiwaka, hewa inakuwa nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini inakosa nguvu zake zote. Kilo 60 ulizofumbia macho kwenye mizani utazikuta mwisho wa njia ya kurukia, miti inakusogelea.

Kisha nikakaa kulia. Hapo ndipo shule yenyewe ilipo. Viwanja vya mbugani havina mnara wa kuongozea ndege, kwa hiyo marubani tunaambiana wenyewe redioni nani yuko wapi, futi ngapi, anatua lini. Unapita chini mara moja kutimua pundamilia, unazunguka, unatua kabla hawajarudi. Siku nzuri unatua mara nane na kuondoka na masaa manne tu, maana safari zenyewe ni fupi. Dar hadi Zanzibar ni dakika 20 hewani. Saa ya ndege inaanza kuhesabiwa inaposogea kwenda kuruka na inakoma inaposimama kabisa mwisho wa safari, ndiyo maana rubani kijana akiambiwa Dar asubiri ndege kubwa itue kwanza, hakasiriki. Anavuna.

Sasa mtego. Caravan imethibitishwa kuendeshwa na rubani mmoja. Wa pili anawekwa kwa sababu nyingine: sheria ya nchi, wateja wanamtaka, au kampuni yenyewe imeamua. Kanuni za kimataifa za leseni zinasema rubani msaidizi kwenye ndege ya namna hiyo, pale nchi inapotaka awepo, atahesabiwa si zaidi ya nusu ya masaa yake anapoomba leseni ya juu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi inaweza kuyakubali yote ikiwa ndege ina vifaa kamili vya rubani wa pili na inaendeshwa kweli kwa utaratibu wa marubani wawili. Na kama wa pili hatakiwi na yeyote ila yupo tu, uko kwenye eneo la mabishano.

Mimi nilikuwa na masaa 800 ya kiti cha kulia. Afisa aliyekagua kitabu changu, mtu mpole sana, akachora mstari kwa penseli na kuandika pembeni: 400. Karibu miaka miwili ya kuamka saa kumi alfajiri, nusu yake imekatwa na penseli.

Mstari mwingine uliniuma zaidi kwa sababu sikuutarajia kabisa. Kwenye zile 1,500 lazima 100 ziwe za usiku, na 75 za kuruka kwa kutegemea vifaa peke yake bila kutazama nje, ambapo si zaidi ya 30 unaweza kufanyia kwenye mashine ya mazoezi. Mbugani hakuna taa, jua likizama umeshafunga ndege. Namjua mwenzangu mwenye masaa zaidi ya 2,000 ambaye ya usiku hayafiki 20, mengi ni ya chuoni. Ana mikono ya dhahabu, lakini leseni ya juu hawezi kuomba. Ndiyo maana kazi ya mizigo ya usiku, ambayo wengi wanaidharau kwa kuwa haina picha nzuri za kurusha mtandaoni, mimi naiheshimu.

Kuhamia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, nako kuna siri yake. Kijana anadhani ni mamlaka ndiyo inayomzuia, kumbe mara nyingi ni kampuni ya bima iliyoweka idadi yake ya masaa ya kapteni, na anayeisoma hiyo bima ni mkubwa wa marubani tu. Muulize waziwazi. Muulize pia kuhusu masika: Agosti kitabu changu kiliwahi kufika masaa 70, Aprili ileile ya mwaka huo yalikuwa tisa, kambi nyingi zimefungwa na mshahara unafuata mvua.

Na masaa ya kalamu usiyaguse. Kila anayejaza saa ambazo hakuruka hudhani hakuna atakayelinganisha kitabu chake na kitabu cha ndege. Hulinganishwa.

Kijana wangu aliuliza. Wamemwambia asubiri, wataongea na mkubwa wa marubani. Jana kaniandikia tena kwamba bado hawajamjibu, na mkataba anatakiwa aurudishe Ijumaa.