PWM ya kuingia na PWM ya kutoka

Kuna sentensi moja inarudi kila msimu wa roboti: "hii kontrola ni ya PWM, ile ni ya CAN, chukua ya CAN maana haikatakati umeme." Jamani. Zote zinakatakata. PWM ni kutuma umeme kwa palsi, yaani vipigo vifupi vya kuwasha na kuzima, na CAN ni waya wa ujumbe ambao vifaa vinaongea kwa kupitia huo.

Kontrola ya spidi ni kile kidude kinachokaa kati ya betri na mota, kinapokea amri ndogo kutoka kwa kompyuta ya roboti halafu kinaachia umeme mkubwa, mbele au nyuma. Basi, hiyo haina utata.

Utata ni kwamba PWM ziko mbili kwenye kidude kimoja. Ya kwanza iko kwenye kale kawaya kembamba ka amri, na hii imetoka kwenye ndege na magari ya rimoti. Palsi ya milisekunde 1.5 maana yake simama, ikisogea kuelekea 2 unaenda mbele, kuelekea 1 unarudi nyuma. Kinachosomwa ni urefu wa palsi wenyewe, sio asilimia, yaani palsi ya 1.5 ikija kila milisekunde 20 ni asilimia 7.5 ya muda, ikija kila milisekunde 10 ni asilimia 15, na mota bado imesimama tu.

Ya pili iko upande wa mota, pale transista (swichi za umeme) zinapofungua na kufunga umeme wa betri ya volti 12. Hapa sasa asilimia ndio kila kitu: ukifungua nusu ya muda mota inaona kama volti 6. Na hapa ndipo kontrola zinapoachana kweli. Chukua mashindano ya roboti ya FIRST kule Marekani, kontrola ya Victor 884 ilikuwa inakata mara 120 kwa sekunde, halafu 2009 ikaja kontrola nyingine, Jaguar, inakata mara 15,000. Waya wa amri ni uleule, palsi ni zilezile! Lakini kwenye spidi ndogo ile Victor umeme unapanda kidogo unakufa kabla palsi nyingine ya mota haijafika, kwa hiyo unasukuma joistiki mota imenuna tu, unasukuma tena inaruka, wakati Jaguar inapanda taratibu kufuata mkono wako. Sasa weka moja kushoto moja kulia uone roboti kama itaenda mstari ulionyooka. (Kukata haraka nako kuna bei yake, transista zinapata joto zaidi, sio kwamba namba kubwa ndio ushindi.)

Tena Jaguar hiyohiyo, na kontrola ya baadaye, Talon SRX, unaweza kuiamuru kwa PWM au kwa CAN, na ukibadilisha waya kinachoenda kwenye mota hakibadiliki hata chembe. CAN faida yake ni nyingine, inaongea pande zote mbili, kontrola inakurudishia ampia inazokula na joto lake, ile PWM ya amri inatuma tu haisikii.

Kwa hiyo ukikuta PWM kwenye maelezo ya kontrola tazama namba iliyo pembeni, ikiwa ni milisekunde wanaongelea waya wa amri, ikiwa ni kilohezi (maelfu ya mara kwa sekunde) wanaongelea mota. Na atakayekwambia kontrola yake ya CAN haina PWM, muulize tu kwa upole, ya upande gani?