Kwa nini hata waliosoma wanaamini tiba za video fupi?

Jibu la haraka ni kwamba wanaoziamini hawajasoma. Mkoa wa Arusha ulipaswa kulitupa jibu hilo zamani. Mwaka 2011, kabla video fupi hazijatamba, foleni ya magari ya kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu (dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, iliyosemekana kuponya maradhi sugu) kwa shilingi 500 ilikuwa na wakulima, wafanyabiashara na viongozi wa serikali. Vyeti havikuipunguza.

Lipo jaribio linaloeleza vizuri zaidi, tena la kuchekesha. Mwaka 2015, mwanasaikolojia Lisa Fazio na wenzake kule Marekani waliwapa watu sentensi wazipime, nyingine za uongo mtupu, kama ile isemayo sari ni sketi fupi ya marinda wanayovaa Waskoti. Zilizorudiwa zilionekana kweli zaidi kuliko ngeni, hata kwa waliolijua jibu sahihi. Ujuzi ulikuwepo kichwani, ila haukuitwa kazini.

Kinachoitwa ni wepesi. Jambo ulilokwisha kulisikia huingia akilini bila kubisha hodi, na akili huuchukua wepesi huo kama dalili ya ukweli. Chukua yule jamaa unayemkuta kila asubuhi kituo cha daladala Sakina. Humjui jina wala anakolala. Lakini ukitaka kuvuka barabara kununua vocha, mzigo unamwachia yeye, humwachii mgeni aliyesimama pembeni yake. Huenda ni mwaminifu kweli, ila uaminifu wake hujaupima, umemzoea tu.

"Daktari" wa kwenye simu anapita mlango huohuo: koti jeupe, stetoskopu shingoni, kitunguu saumu na ndimu vya kushusha presha. Ukimtazama mpaka mwisho, programu inakuletea mwingine mwenye kitunguu kilekile, na kesho wa tatu. Pengine wameigana tu, lakini kichwani mwako wanahesabika mashahidi watatu.

Presha yenyewe inawabeba. Mara nyingi haina dalili, kwa hiyo anayekunywa glasi yake kila alfajiri pale Majengo, Moshi, anajiona mzima na kuamini imemfaa. Ni mashine ya kupima presha tu ingembishia. (Tusikionee kitunguu saumu: kuna tafiti zilizoona kinashusha presha kidogo. Kidogo, na si badala ya dawa.)

Tahadhari: majaribio mengi ya aina hii yametumia sentensi zilizoandikwa, si video za Kiswahili, kwa hiyo kuyaleta huku kwetu ni kukisia kwa busara.

Kinga moja imewahi kuonekana: mtu akitakiwa kujiuliza "hili ni kweli?" mara ya kwanza kabisa anapolisikia jambo, marudio hayampati sana baadaye. Ila ilifanya kazi pale alipokuwa tayari na jibu sahihi kichwani, na kuhusu presha wengi wetu jibu la kwanza tunalipata kwenye video hiyohiyo.