"Green Onions": kinanda kile si B-3

Kila anayekuja kwangu kujifunza "Green Onions", wimbo wa ala tupu wa kundi la Booker T. & the M.G.'s, huanza na neno lile lile: "Mwalimu, kwanza nitafute sauti ya kinanda cha Hammond B-3 na spika yake ya kuzunguka." Wengine wameshatoa pesa nzuri kununua sauti hizo kabla hata hawajapiga noti ya kwanza ya wimbo. Inaniuma, maana wimbo ule haukupigwa kwa B-3.

Booker T. Jones alipiga Hammond M-3. Ni ndugu mdogo wa B-3: safu mbili za vitufe 44 badala ya 61, pedali 12 badala ya 25, na ampulifaya na spika yake vimo mle mle ndani ya kabati. Kilitengenezwa kwa ajili ya sebule za watu. B-3 haina spika ndani, lazima iunganishwe na ya nje, na wengi huiunganisha na Leslie, ile yenye pembe inayozunguka na kuitikisa sauti. Sasa vaa hedifoni usikilize rekodi yenyewe. Sauti ni kavu, iko karibu na sikio, na kila noti inaanza kwa makali. Mtikisiko wa Leslie uko wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki: zima kitufe cha mzunguko wa Leslie kwenye kibodi yako, na usikiguse mpaka wimbo ukukae mkononi. Mzunguko unaficha uvivu wa vidole. Noti iliyochelewa kuachiwa inapotea ndani ya mawimbi, nawe unadhani umepiga vizuri. Kipande kinachojirudia cha wimbo ni kifupi mno: F, A-flati, B-flati, kisha kinarudi, ndani ya mzunguko wa bluzi wa vipimo 12. Uzito wake wote uko kwenye kuachia. Booker T. anapiga, ananyamaza, na kwenye mwanya huo unamsikia Al Jackson Jr. akitembeza ngoma bila haraka. Zamu ya Steve Cropper ikifika, gitaa linachoma kwa mapigo makavu, kwa sababu nafasi ipo. Wanafunzi wangu waliokulia kwenye vinanda vya kanisani hutaka kujaza kila upenyo kwa kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nene za vidole vitano. Kanisani zinabeba waimbaji, hapa zinaua wimbo. Booker T. alipopiga vile alikuwa na miaka 17, na bado alikuwa mwanafunzi wa sekondari.

Wengine huniambia besi ni ya Donald "Duck" Dunn. Hapana. Kwenye albamu ya 1962 yenye jina la wimbo huu, besi ni ya Lewie Steinberg, na Dunn aliingia kundini miaka michache baadaye. Ndiyo maana hata ile picha inayojulikana ya kundi la weusi wawili na weupe wawili si ya wakati huu: walioirekodi albamu hii ni weusi watatu, na mweupe ni Cropper peke yake. Steinberg anastahili kutajwa kwa jina.

Kwamba wimbo ulipangwa uwe hiti, nalo si kweli. Walikuwa studio za Stax, Memphis, ndani ya jengo lililokuwa sinema, kwa kazi ya mwimbaji mwingine. Wakaanza kupiga bluzi ya polepole, na Jim Stewart, mwenye Stax, akarekodi. Hiyo ndiyo "Behave Yourself", na ndiyo iliyowekwa upande A wa sahani. "Green Onions" ilitafutwa ili kujaza upande B, ikaja kufika nafasi ya 3 kwenye chati kuu ya Marekani na ya 1 kwenye chati ya R&B.

Na anayedhani muziki wa ala tupu ni biti inayosubiri mwimbaji, asikilize albamu nzima. Kati ya nyimbo 12, nyingi ni za wengine, zikiwemo "Twist and Shout" na "I Got a Woman", na kinanda ndicho kinachoshika nafasi ya mwimbaji. Anayeniuliza aanzie wapi humpa "Stranger on the Shore": melodia ni ya taratibu, noti ni ndefu, na kidole kikiteleza kila mtu anasikia.