Sauti iliyokwama katika kinanda cha mabomba

Sauti iliyokwama ni noti inayoendelea kulia ilhali hakuna aliyebonyeza kitufe. Kinanda kilichokaa miaka bila fundi huanza na hili siku feni ya upepo inapowashwa, na wengi hudhani chombo kimekufa. Hakijafa. Upepo umepata upenyo, basi. Kazi ni kuutafuta.

Katika vinanda vya zamani vinavyoendeshwa kwa fito, kila noti ina kilango chake ndani ya sanduku la upepo: kibao chembamba kilichovikwa felti na ngozi, kikibanwa na springi. Ukibonyeza kitufe, ufito wa mbao huvuta kilango, upepo huingia kwenye mfereji wa noti ile, na kila rejista iliyofunguliwa, yaani kila safu ya mabomba ya aina moja, huupata hapo. Shinikizo la upepo ni dogo, kwa kawaida la kuinua maji milimita 60 hadi 100 tu, na bomba huimba kwa upepo huo mdogo, hivyo punje ya unga wa mbao chini ya ngozi yatosha kulifanya bomba liimbe.

Anza kwa kuzima viunganishi vya kibodi, maana noti inaweza kuwa inavutwa kutoka kibodi nyingine. Kisha fungua rejista moja moja. Noti ileile ikilia kwenye rejista zote, kosa liko kwenye kilango au kwenye kinachokivuta. Ikiwa ni sauti ya kinyonge inayotokea tu unapopiga noti ya jirani, huko si kukwama: sanduku limepasuka na upepo unavuka kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Hilo mwachie fundi wa vinanda.

Kwa kilango, bonyeza kitufe kwa nguvu mara tatu nne. Mara nyingi uchafu hupeperuka. Kitufe kisipopanda, kinakwama kwenye pini zake. Kikipanda vizuri na noti bado inalia, legeza nusu mzunguko nati ya ngozi iliyo mwisho wa ufito. Ikinyamaza, ufito ulikuwa umekaza. Isiponyamaza, zima feni, subiri mvukuto ushuke, fungua ubao wa mbele wa sanduku na kikague kilango: takataka, springi iliyochoka, felti iliyoliwa na nondo.

Dar es Salaam ufito hukaza kwa urahisi, hasa masika. Mbao hufura upande wa upana wake, lakini kwa urefu haibadiliki sana. Fremu hufura, ufito unabaki vilevile, na kilango kinavutwa kabla ya mtu kugusa kitufe. Kinanda kilichotoka kanisa la Ulaya lenye joto la hita ndicho huathirika zaidi. Kikifika, kiache ndani ya jengo wiki kadhaa kabla ya kurekebisha nati yoyote, la sivyo utarudia kazi. Pwani kuna chumvi pia: springi za chuma hushika kutu, nyaya za shaba huota ukijani na kukwaruza.

Usikunje springi ili iwe ngumu zaidi. Utaficha uchafu kwa muda na kumchosha mpigaji. Usipulizie mafuta popote. Hunasa vumbi na kuharibu ngozi. Fundi seremala wa Keko atakuchongea kibao safi kabisa, lakini mwambie mapema asitumie gundi nyeupe kwenye ngozi. Hapo hutumika gundi ya ngozi ya wanyama, iliyopashwa hadi nyuzi 60 hivi, kwa sababu maji ya uvuguvugu huibandua siku ngozi ikihitaji kubadilishwa.

Ikikwama katikati ya ibada, punguza rejista zibaki moja au mbili, inua bomba linalolia, weka karatasi juu ya tundu lake, kisha lirudishe. Lishike karibu na mdomo wake, ule mwanya ulio sehemu ya chini, si kwa ncha ya juu. Bomba la mchanganyiko wa bati na risasi hubonyea kwa kidole. Risasi ni sumu: nawa mikono kabla ya chai.