Mvua Imekatika, Lakini Mlima Haujakauka

“Mtaalamu, mvua imekatika tangu jana. Si tupande tu?”

Kijana aliyeniuliza hivyo ni mwongoza wageni wa Mlima Hanang. Siku hiyo tulikuwa Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, naye alikuwa na watu wanne kutoka Dodoma waliokwisha kufunga mabegi. Nikamwambia tusubiri. Hakufurahi, na wageni wake ndio kabisa. Kwa hiyo naeleza hapa kwa utulivu yale niliyoyasema siku ile kwa haraka.

Kazi yangu ni jiolojia ya uhandisi: nachunguza kama mteremko utasimama au utashuka. Huku Dodoma kazi hiyo ina unafuu. Vilima vyetu kama Mlimwa ni mawe ya itale yenye udongo mwembamba. Mvua ikipiga, maji yanatiririka juu ya jiwe, yanajaa korongoni, baada ya siku mbili malori yanarudi kuchota mchanga. Hanang ni kitu kingine. Ni volkano iliyozimika, kimo chake kinapita mita 3,400, na udongo wake wa kivolkano unakunywa maji. Yakishaingia, hayatoki siku ile ile mvua inapokatika.

Nilichota udongo ukingoni mwa njia, nikaufinya. Ulikuwa na unyevu kidogo, ukashikamana kama tonge la ugali. Nikaanza kuudondoshea maji ya chupa huku nikitikisa kiganja. Tone la kwanza, la tano, la kumi, tonge liko vile vile. Halafu ghafla likang'aa juu, likalegea, likanipita katikati ya vidole. Tone lililolilegeza halikuwa kubwa kuliko yaliyotangulia.

Chembe za udongo hushikana kwa kusuguana, na zinasuguana kwa sababu zimekandamizwa na uzito wa zilizo juu yake. Maji yakijaa katika kila upenyo, yanaanza kuubeba uzito huo yenyewe. Msuguano unapungua, mzigo unaongezeka, na mteremko ni ule ule. Mizizi ya miti husaidia, lakini hadi pale inapofika tu. Udongo ukikatikia chini ya mizizi, mti unashuka umesimama.

Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua zaidi ya watu 80. Ulikuwa msimu wa El Niño. Kila nikiulizwa kuhusu siku ile, watu wanataka kujua mvua ya usiku ule ilikuwa kubwa kiasi gani. Mimi nauliza pia ya wiki zilizotangulia.

Kwenye milima ya Alps huko Ulaya, wanaoteleza kwa skii nje ya njia zilizoandaliwa huchimba shimo kwenye theluji kabla ya kuvuka mteremko. Uso wa theluji hauwatoshi. Wanatafuta tabaka dhaifu lililofukiwa, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, maana ndipo bamba zima la theluji huweza kukatika kwa uzito wa mtu mmoja. Sisi hatuna theluji hapa, ila tabia hiyo ya kuuliza kilicho chini ningependa kila mpanda mlima wetu awe nayo.

Mlima hutoa dalili. Ufa mpya unaokata njia kwa upana. Miti iliyoinama karibuni. Hatari kuliko zote ni kijito kupungua ghafla wakati juu bado kunanyesha: huenda udongo umeziba korongo, na ukiachia, huwezi kulikimbia tope lile. Usipige hema kwenye mdomo wa korongo, hata pakiwa tambarare na pazuri. Ukiona hapo jiwe la ukubwa wa gari la Noah limekaa peke yake, jiulize nani alilileta.

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote hadi kwenye chemchemi ambako waongozaji hujaza chupa zao. Kwa kawaida maji yake ni maangavu. Yule kijana akachota kikombe, akakiweka juu ya jiwe, tukangoja. Tope likatulia chini, unene wa nusu kidole. Akaliangalia kwa muda, akamwaga, akawageukia wageni wake: “Jamani, tunarudi.”